Bima kubwa na wota pampu ya Mikumi

Gari langu ni Toyota IST ya mwaka 2006, rangi ya fedha, na kioo cha nyuma bado kina stika ya chekechea ya mtoto ambaye sasa yuko darasa la tano. Miaka mitatu mfululizo nimeikatia bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe, asilimia 3.5 ya thamani yake na VAT juu, huku majirani wakinicheka kwamba kagari kama hako kanatoshwa na bima ndogo ya shilingi 118,000, inayolipa wale uliowagonga tu. Nilijiona mjanja. Nikikwama popote, napiga simu, wanakuja.

Desemba nikakwama. Tulikuwa tunakwenda Iringa kwa mama mkwe, tumeshaingia hifadhi ya Mikumi, saa kumi na moja jioni, mshale wa joto ukapanda ghafla. Nikazima injini, mvuke ukatoka kama chungu cha makande. Barabara ile inakatiza hifadhini kilomita 50 hivi, na mabango yanakutajia faini ya kugonga mnyama. Ukiharibikiwa gari katikati ya wanyama hao ufanyeje, hakuna bango linalosema. Hata matawi ya kutandaza barabarani, kama kawaida yetu, huwezi kukata, maana ni hifadhi. Nashukuru pembetatu zangu mbili zilikuwapo. Watoto walifurahi, walidhani tumesimama kutazama twiga.

Nikapiga simu bima. Dada aliyepokea alikuwa mpole kweli.

"Pole sana dada yangu. Mmegonga au mmegongwa?"

"Hatujagonga. Injini imechemsha."

Akanyamaza kidogo. "Basi hapo dada, haitahusika."

Kumbe kipengele cha kuvutwa kimo, ila ni cha baada ya ajali. Kilichokuwa kimekufa ni wota pampu, ile inayozungusha maji ya kupoza injini, na wota pampu iliyochoka si ajali, ni uchakavu, na uchakavu bima kubwa haiugusi. Nilikuwa nimesaini karatasi zenye maneno hayo mara tatu.

Brekidauni, gari la kuvuta magari mabovu, ilikuja usiku kutoka Mikumi mjini. Kijana akataka kufunga kamba avute. Nikakataa. Fundi wangu alishanionya: gari la otomatiki likiburutwa injini ikiwa imezimwa, mafuta ya gia hayazunguki, unafika gereji na gia boksi imekufa. IST yangu inavutwa na matairi ya mbele, kwa hiyo mbele ndiko kunanyanyuliwa. Akanyanyua, akinung'unika. Mikumi hakukuwa na wota pampu ya IST, tukarudishwa Morogoro. Shilingi 380,000, taslimu, risiti hakuna.

Kukosa ile risiti ndiko kulikonifungua macho nilipoanza kuzunguka kwa mawakala wa bima mwezi wa kwanza. Wa kwanza alinisifia huduma ya msaada wa barabarani, bei nzuri, mwaka mzima. Nikamuuliza nani anamlipa mwenye brekidauni. Akasema unalipa wewe, halafu unaleta risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, unarudishiwa. Nikamwona yule kijana wa Mikumi na kamba yake, nikacheka peke yangu. Wa pili huduma yake ilikuwa inaishia Kibaha, ukitoka tu Dar. Wa tatu wanalipa wenyewe, nchi nzima, lakini wanakufikisha gereji ya karibu, wao ndio wanaochagua, na mwisho mara mbili kwa mwaka.

Hakuna aliyenidanganya, kila mmoja alijibu kile nilichouliza. Shida ni kwamba zamani nilikuwa nauliza bei tu.

Basi nikajiuliza gari langu linalala wapi na linakwenda wapi. Mbezi hadi Posta kila siku, Iringa mara moja kwa mwaka. Kinachonisumbua ni betri na pancha kwenye foleni ya Kimara. Nikachukua ile ya Kibaha, ya bei ndogo. Kwa safari ya Iringa nina laki tano kwenye laini ya pili ya simu, siigusi hata ada za shule zikinibana, pamoja na namba za wenye brekidauni wawili, wa Morogoro na wa Ruaha Mbuyuni.

Shemeji yangu nimemshauri tofauti kabisa. Yeye kila mwezi yuko Mbeya, na gari lake linavuta matairi yote manne muda wote, haliwezi kunyanyuliwa upande mmoja, ni lazima libebwe zima mgongoni. Huyo achukue ya nchi nzima, na aandikiwe kabisa kwenye mkataba kwamba litakuja gari la kubeba. Neno la wakala mdomoni lisimtoshe.

Nilipompelekea IST fundi wangu wa mtaa wa Gerezani, Kariakoo, aiangalie, alifungua boneti, akaitazama wota pampu mpya, iliyonigharimu 95,000 pale Morogoro.

"Dada, si nilikwambia mwezi wa tisa kwamba inavuja?"