Kumbukumbu ya mradi: DDO 154 bila maada ya giza

Jumapili usiku. Mradi wangu ni kukokotoa kasi ya mzunguko wa galaksi kwa kanuni ya mvutano ya mwanafizikia Milgrom, bila maada ya giza (maada isiyoonekana inayodhaniwa kuongeza mvutano). Kosa nimelipata. Wiki nzima mstari wangu wa kasi wa galaksi NGC 3198 ulikuwa unapita chini ya vipimo sehemu za ndani, nikadhani kanuni ndiyo mbovu. Kumbe ni mimi. Katika data za SPARC (vipimo vya mzunguko wa galaksi 175, vilitolewa 2016) kasi inayotokana na nyota imekokotolewa kana kwamba kila mwanga wa Jua moja una uzito wa Jua moja. Ukitaka nusu ya uzito huo, unagawa kwa 2 kipeo cha pili cha kasi. Mimi niligawa kasi yenyewe, nyota zangu zikabaki na robo ya uzito. Nimerekebisha safu moja tu, mstari ukapanda.

Leo nimehamia DDO 154, na hii ndiyo niliyokuwa naisubiri. Ni galaksi ndogo, karibu yote gesi, kwa hiyo uzito wa nyota hauna nafasi ya kunisaidia wala kuniharibia. Jumla ya maada inayoonekana ni kama Jua milioni 400. Kwa Newton peke yake, gesi ya ukingoni ingezunguka kwa chini ya nusu ya kasi iliyopimwa, yaani kilomita 47 kwa sekunde. Wengi hujaza pengo hilo kwa maada ya giza. Milgrom, mwaka 1983, alisema tubadilishe kanuni yenyewe pale mchapuko unaposhuka chini ya kiwango fulani kidogo sana, ambacho leo huchukuliwa kuwa mita 1.2 × 10⁻¹⁰ kwa sekunde mraba: kasi kwa kipeo cha nne iwe sawa na G (namba ya mvutano ya Newton) mara uzito mara namba hiyo.

Nilipiga hesabu kwa kalamu kwanza. Ikatoka 50. Nikarudia, 50 tena. Sikuchezea chochote, namba ni ileile ya galaksi nyingine zote! Nilikaa kimya mbele ya karatasi ile kwa muda.

Lakini sitaki kujidanganya. Kwenye makundi ya galaksi kanuni hii bado inapungukiwa uzito, na Bullet Cluster, makundi mawili ya galaksi yaliyogongana, ni mtihani mgumu zaidi: ramani ya 2006 ilionyesha mvutano mkubwa uko penye galaksi, wakati maada nyingi ya kawaida ni gesi ya moto iliyobaki katikati.

Nimeshafungua jedwali jipya la makundi. Kesho naanza na joto la gesi.