Mimi Nimewekwa Saa Ngapi?

Kuna swali nililoulizwa Jumatatu baada ya swala ya Isha ambalo mpaka usiku huu wa Alhamisi sijalijibu, ingawa aliyeniuliza ameshaendelea na shughuli zake kana kwamba hakusema lolote.

Mpwa wangu wa Nairobi, yule mnayemjua kwa safari zake za ghafla, anaingia kesho pamoja na wenzake wawili wa kazini ambao hawajawahi kuiona Lamu. Watalala siku mbili tu katika nyumba ya wageni huko Mkomani, na aliniandikia: "Mjomba, tupangie kila kitu, cha kuona na cha kula." Mwalimu wa historia ukimpa kazi kama hiyo umempa sikukuu. Nilitoa karatasi ya daftari la hesabu, nikapiga mistari kwa rula na kuandika saa kwa kalamu nyekundu. Ijumaa baada ya swala niwapokee Manda, tuvuke kwa boti, jioni tutembee Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kuanzia Mkunguni, na usiku wale kamba wa kuchoma kando ya bahari. Jumamosi wafungue kinywa kwa mahamri na mbaazi, saa nne tuwe Takwa, kwenye magofu ya mji wa kale kisiwani Manda, mchana wale biriani Langoni, na alasiri waingie Ngome, ambayo ilianza kujengwa mwaka 1813, ikamalizika 1821, na ambayo watu wa rika langu tuliijua kwanza kama jela, kwa kuwa wafungwa hawakuondolewa humo hadi 1984. Baada ya hapo posta ya Wajerumani, iliyofunguliwa 1888 na kufungwa 1891, ambayo nina maneno mengi juu yake na niliitengea dakika arubaini. Jumapili Shela, wauone msikiti wenye mnara mrefu kama pia iliyogeuzwa, wakanyage mchanga, wale, wapande ndege.

Niliifurahia sana ratiba hiyo, nikaona nimsomee Mama. Alikuwa ameketi juu ya mkeka, ungo mapajani, akichagua mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua uso.

"Nzuri," akasema. "Na mimi nimewekwa saa ngapi?"

Nikacheka. "Mama, wewe ni wa nyumbani."

"Haya," akasema, akaokota kijiwe kimoja kutoka kwenye mchele, akakitazama, akakitupa.

Hayo tu. Katika wiki hii hii nimethibitishwa kuwa naibu wa mwalimu mkuu, na binamu yangu wa Matondoni amejaaliwa mapacha, lakini nikiweka kichwa kwenye mto ninachosikia ni ile "haya". Haikuwa na hasira. Ingekuwa na hasira ningejua la kufanya.

Jumanne, nikisimamia mtihani, niligundua kwamba hakusema "nitawaona saa ngapi" bali "nimewekwa", kama mtu anayeuliza kiti chake kimepangwa upande gani wa ukumbi. Jumatano nikaligeukia jibu langu mwenyewe, na hapo ndipo lilipoanza kuniuma kwelikweli: nilimwambia yeye ni wa nyumbani, na katika karatasi nzima nyumbani hapakuwamo. Wageni wangekula mara sita Lamu, na hata mara moja wasingekula chini ya dari ambalo mama wa mwenyeji wao alizaliwa chini yake. Nilijitetea kwa goti lake la kushoto, linalomsumbua tangu Ramadhani, na ni kweli sikutaka asimame jikoni kwa ajili ya watu wazima watatu wenye pesa za hoteli. Lakini hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba, nilipokuwa napiga mistari yangu, niliutazama ukuta wa sebule unaobanduka lipu kwa chumvi, nikautazama kwa macho ya watu wa Nairobi, nikaona haya. Nikauficha ukuta, na Mama nikamficha pamoja nao.

Jana alasiri aliniita. "Nisomee tena ile karatasi yako."

Nilipofika Takwa, saa nne, alinyanyua mkono. "Jumamosi hiyo mwezi ngapi?"

"Kumi na sita, mwezi mwandamo."

"Basi ni bamvua. Saa nne mtapita wapi, juu ya tope?"

Nilizaliwa kisiwani, baba yangu alikuwa baharia, na nilikuwa nimewapangia wageni wapite katika mkondo wa mikoko wakati maji yamepwa. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, maji yetu hujaa alfajiri na tena alasiri. Saa nne boti ingekwama na wageni wangeyatazama magofu kwa mbali, kama yapo. Nilinyamaza. Mama aliendelea bila kuniangalia: asubuhi waingie Ngome wakati bado pana ubaridi, Takwa waende alasiri.

"Na maji yakipwa," akasema, "waje kwangu."

Kwa hiyo alijiweka mwenyewe. Kisha akauliza kuhusu zile dakika arubaini za posta, kama wageni watakuwa wanangojea barua. Nimezipunguza zikawa kumi, kwa shingo upande.

Tangu jana nyumba haikaliki. Mbuzi ya kukunia nazi imeshushwa kutoka juu ya kabati na meno yake yamepigwa tupa. Kifumbu kipya cha kuchujia tui kimenunuliwa, kwa sababu cha zamani kinapitisha chicha. Changu wawili wameagizwa kwa mvuvi ambaye Mama anamwamini kuliko mimi, na binti zangu wameelezwa mara tatu kwamba watakuna na watakamua, lakini tui la kwanza, lile zito linalopakwa samaki akiwa juu ya makaa, litabaki mkononi mwake. Goti halijatajwa. Nilisogeza kiti jikoni kimyakimya, na nimekikuta kimewekewa kikapu cha ndimu.

Jioni hii nilijaribu kumwomba radhi. "Mama, lile jambo la Jumatatu..."

"Jumatatu kulikuwa na nini?" akauliza, akanituma ukwaju.

Karatasi nimeiandika upya. Kwenye Jumamosi, kati ya saa sita na saa tisa, nimeandika "Nyumbani", kwa kalamu nyekundu.

Sasa nimebaki na boriti ya tatu kutoka mlangoni. Kwa siku tatu nimekuta unga mwembamba wa mti chini yake, hapo hapo panapotandikwa mkeka. Nimeufagia asubuhi, nimeufagia adhuhuri, na nilipomulika tochi sasa hivi umerudi, kirundo kidogo mfano wa chumvi iliyomwagika.