Makopo ya bure

Hivi mnajua huu mji ninaokaa, Minneapolis, ndiko mwaka 1977 watu walikoanzisha mgomo wa kutonunua bidhaa za Nestlé, kisa namna maziwa ya kopo yalivyokuwa yakitangazwa kwa wamama wa nchi kama zetu? Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likapitisha kanuni za kuzuia matangazo hayo na sampuli za bure, nchi 118 zikakubali, moja tu ikakataa, Marekani. Kwetu Tanzania kanuni zipo tangu 1994, Kenya wana sheria yao ya 2012.

Basi juzi posta wameniletea boksi ambalo sijaagiza, kadi ya pongezi, makopo mawili ya maziwa na kuponi za punguzo, jina langu limeandikwa sawasawa mpaka herufi ya mwisho. Sijui wamelitoa wapi, nahisi ile fomu niliyojaza kwenye duka la vitu vya watoto nikiwa na mimba, maana huku ukijaza fomu moja tu dunia nzima inajua unajifungua lini.

Ila sitaki kudanganya kwamba matangazo peke yake ndiyo yanayotuponza. Ni shifti jamani. Likizo ya sheria ya Marekani nzima ni wiki 12 bila mshahara, na hiyo uwe umeshafanya kazi mwaka mzima kwenye kampuni yenye watu wasiopungua 50, kwa hiyo kabla jimbo letu la Minnesota halijaanza likizo ya malipo mwaka 2026, wengi wetu wabeba boksi tulikuwa tunamaliza arobaini tunaingia kazini. Sheria ya kukamua kazini ipo, imepanuliwa mwisho wa 2022, mwajiri akupe muda na sehemu ya faragha isiyo choo mpaka mtoto atimize mwaka. Sasa shoga yangu mmoja anafanya kazi ghalani, kila akiomba kwenda kukamua supavaiza anaangalia saa ya ukutani, hakatai, anaangalia saa tu halafu anasema haya nenda. Mwenzangu akachoka kuomba, akawa anavaa jaketi juu ya blauzi iliyolowa maziwa, na ziwa lisipotolewa linapunguza, mwisho likakata kabisa.

Na WIC, mpango wa serikali wa chakula kwa wamama wenye kipato kidogo, kwa kweli wanahimiza kunyonyesha, anayenyonyesha tupu anapewa chakula kingi na hadi mwaka, wa kopo tupu chakula chake yeye kinaishia miezi sita. Lakini kopo dukani ni bei mbaya, mayai na maharage utayapata tu, mtu anaona bora achukue kopo la WIC. Wasomali, Wakongo, sisi, wengi hatuachi kunyonyesha, tunachanganya, usiku ziwa mchana kopo, eti asije akalala njaa.

Mama yangu akipiga simu kutoka Tanga ni uji wa pilipili manga tu, kunywa mwanangu maziwa yashuke. Na wifi kaona boksi kwenye statasi, ana mimba ya miezi saba, anataka nimtumie, eti ya Marekani yananenepesha watoto. Yuko nyumbani kwa mama mkwe, atakandwa, atapikiwa, atapokewa mtoto arobaini nzima! Nikamwambia wifi, ningekuwa na mtu mmoja tu huku wa kunikorogea huo uji na kunishikia mtoto, haya makopo nisingeyafungua.