Bima yangu nailipa kwa giza

Sisi tunaoanika dagaa huku Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, hatuhesabu mwezi kwa kalenda ya ukutani. Tunahesabu giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inalala ufukweni na mifuko inakauka. Giza likirudi wavuvi wanaingia ziwani, asubuhi dagaa wako kwenye vichanja, magunia yanateremka soko la Mwaloni Kirumba na mtu anashika hela. Naanza na hili kwa sababu watu wa mshahara wakiniuliza ilikuwaje nikakaa bila bima miaka yote ile, siwezi kuwajibu kabla sijawaeleza habari ya mwezi.

Mwanangu wa pili ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Tuligundua akiwa na mwaka mmoja na kidogo: mikono na miguu imevimba kama amevalishwa soksi nene, ukimgusa tu analia. Chini ya miaka mitano serikali inasamehe gharama kwenye vituo vyake, kwa hiyo mwanzoni nilichosumbuka nacho zaidi kilikuwa nauli na dawa za kununua nje. Alipofika mitano nikamkatia Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, iliyokuwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Nina watoto watatu, ila nilimkatia yeye peke yake. Wenzake wazima, nikasema hela ya nini.

Machi 2023 usajili wa mtoto mmojammoja ukasitishwa. Tukaambiwa watoto waingie kupitia shule au vifurushi vya familia. Sababu iliyotolewa ni kwamba wengi waliokuwa wanasajiliwa ni watoto ambao tayari wanaumwa, mfuko ukawa unalipa kuliko unavyopokea. Nilisikia habari hiyo redioni huku nageuza dagaa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nilalamike, nikaufunga. Mimi nilifanya nini kama si hichohicho? Ni sawa na chama cha kuzikana ambacho kila mtu anajiunga siku ana msiba.

Kadi ya mtoto ikaisha muda wake, na hazikupita wiki nyingi mifupa ikamshika. Ilikuwa usiku, baridi ya upepo wa ziwani, na mbalamwezi imetanda kama mchana. Nyumbani kulikuwa na elfu nane. Baba yao alikwenda kumgongea mchuuzi mmoja, akamwachia magunia mawili ya dagaa kwa bei ambayo mpaka leo nikiikumbuka tumbo linanikata. Tulilazwa siku nne.

Tulipotoka ndipo nikamtafuta mwandikishaji wa CHF, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii. Hii iliyoboreshwa, iliyoanza 2018, ilikuwa inachukua kaya nzima ya watu wasiozidi sita kwa 30,000 kwa mwaka. Sisi ni watano, wa sita tukamwingiza mtoto wa marehemu dada yangu tunayeishi naye. Kijana alikuja na simu yake, akatupiga picha mmoja mmoja ukutani. Mume wangu ndiyo kwanza anatoka ziwani, magamba kwenye nyusi, akagoma kunawa. Picha yake iko hivyohivyo kwenye mfumo.

Kazi ilikuwa kuipata hiyo elfu thelathini kila mwaka, kwa mkupuo. Hela ya dagaa haikai. Nililipeleka suala hili kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa, tupo wanawake kumi na saba. Mweka hazina wetu ni mama mtu mzima, sote tunamwita Mama Mkubwa. Alichora mistari mchangani kwa kijiti: mwaka una giza kumi na mbili, mwingine kumi na tatu. Thelathini gawa kwa kumi na mbili, elfu mbili na mia tano. "Hiyo ni hela ya vocha zenu tu," akasema. Tukakubaliana inatolewa mauzo ya kwanza ya kila giza, kabla ya mchezo wa kupeana hela kwa zamu na kabla ya marejesho ya mkopo, na inawekwa mfuko wa peke yake ambao haukopeshwi. Giza la kumi na tatu likitokea, hela yake inamsaidia aliyepungukiwa.

Kuwa na kadi ni jambo moja, kutibiwa kwa kadi ni jingine. Mara ya kwanza nilimbeba mtoto moja kwa moja hadi hospitali kubwa mjini, daladala mbili. Dirishani dada akaniuliza, "Mama, rufaa iko wapi?" Sikuwa nayo. CHF unaanzia chini, zahanati au kituo cha afya, wakishindwa wanakuandikia karatasi ya kupanda juu. Nilirudi Igombe jioni sijaonwa, nimekasirika, njaa inauma. Siku hizi karatasi hiyo naiomba mapema, naitoa kivuli nakala mbili.

Dawa nazo. Kuna siku unaambiwa "hii imeisha, kanunue duka la nje", na dukani kadi yako ni plastiki tu. Mwanangu anameza foliki asidi kila siku, kwa hiyo nimejifunza kumuuliza mfamasia mzigo unaingia lini na kwenda siku hiyo, sisubiri kopo liishe. Na daktari akiandika dawa, kabla sijanyanyuka namwuliza, "Daktari, hii ipo hapa dirishani?" Mara mbili amebadilisha akaandika iliyopo. Wengi wetu tunaona aibu kuuliza.

Kinachonikalia rohoni ni hospitali ya Bugando, ile ya kilimani mjini. CHF inaishia hospitali ya rufaa ya mkoa, na Bugando ni ya kanda. Kilima kile tunakipanda kwa hela yetu mkononi. Kwa mtoto wa selimundu, hakuna mwaka utakaopita hujakipanda.

Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, kwamba kila mkazi awe na bima. Kwenye kikundi tuliijadili mpaka chai ikapoa. Mimi naiunga mkono, na nimeshaeleza kwa nini: bima ya wagonjwa peke yao haisimami. Mmoja wetu akauliza, je, watatudai tarehe fulani ya mwaka, na tarehe hiyo ikiangukia mbalamwezi? Mama Mkubwa akasema sheria imeandikwa na watu wa umeme. Tulicheka, ila swali bado lipo.

Leo ni usiku wa pili wa giza. Mume wangu ametoka na taa zake saa moja. Kwenye daftari jina langu lina 17,500, yamebaki giza matano.