Nilivyofika Marangu kabla ya Krismasi kwa kupitia Segera

Mimi ni mhasibu katika kampuni ya vipuri vya magari Kariakoo, Dar es Salaam, na kwa mtu wa kazi yangu aliyezaliwa Marangu, Kilimanjaro, Desemba ni mwezi mgumu. Ofisini kuna ritani ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ambayo mwisho wake ni tarehe 20, kuna usuluhishi wa hesabu za benki, na kuna kuhesabu mali ghalani kabla ya mwaka kufungwa. Nyumbani kuna mama, ambaye tangu Novemba kila akipiga simu huuliza, "Mwanangu, unakuja lini?" Siwezi kumjibu, kwa sababu ruhusa hutolewa kazi ikiisha, na kazi ikiisha tiketi za Moshi nazo zimekwisha.

Mwaka 2023 nilimsikiliza mwenzangu wa ofisini aliyesema nisihangaike, kwamba mwisho wa mwaka mabasi huongezwa, hivyo niende tu stendi ya Magufuli pale Mbezi alfajiri. Ushauri ule bado unaniuma. Tarehe 24, saa kumi na moja alfajiri, kijana mmoja alipokea nauli yangu, ambayo ilikuwa imepanda kuliko ilivyotangazwa, akaniandikia kwa kalamu kiti namba 31. Ndani ya basi nilimkuta mama mmoja ameketi kiti hicho huku amempakata mtoto, na tiketi yake ilikuwa na jina lake. Nilishuka. Kijana hakuonekana tena, na hadi saa nne nilikuwa nimezunguka madirisha yote bila kupata nafasi. Krismasi ile niliisikiliza kwa simu nikiwa chumbani kwangu Sinza: ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma, inakatwa, wajomba wanacheka, na mama anasema mtori wangu, supu yetu ya ndizi, ameufunika jikoni, kana kwamba ningeweza kutokea jioni ile.

Mwaka uliofuata nilianzia ghalani. Badala ya kungoja wiki ya mwisho, mwishoni mwa Novemba nilianza na rafu za vipuri visivyotoka mara kwa mara. Kila boksi lililohesabiwa nililibandika karatasi ya kijani yenye idadi, tarehe na sahihi ya mtunza ghala, na tukakubaliana kwamba atakayetoa hata bolti moja aandike papo hapo juu ya karatasi hiyo. Mtunza ghala alinung'unika siku mbili, kisha akaipenda kazi, maana hata yeye alikuwa amechoka kukesha humo kila mwisho wa mwaka. Kufikia tarehe 18 ritani ilikuwa imekwenda, na tarehe 21 jioni mkurugenzi alipita akitazama rafu za kijani, akaniambia, "Nenda, lakini tarehe 30 nikukute hapa."

Tiketi za Moshi, kama nilivyotarajia, hazikuwepo, na treni mpya ya umeme haitufai sisi wa Kaskazini kwa kuwa inakwenda Morogoro na Dodoma. Usiku ule nilitazama ramani nikaona jambo ambalo macho yangu yalikuwa yamelipita miaka yote: basi la Tanga na basi la Moshi huenda njia moja, kupitia Chalinze, mpaka Segera, ndipo huachana. Watu wote walikuwa wanagombania basi la Moshi. La Tanga lilikuwa na viti, na nilipata changu kwa tiketi ya kielektroniki yenye jina langu.

Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi. Karibu na saa sita konda akaita, "Dada wa Segera, jiandae!" Nikasimama kando ya barabara na begi moja tu, na hili naomba lizingatiwe, kwa sababu mwenye mizigo mingi hawezi kurukia gari la njiani. Mchele na sukari za mama nilikuwa nimevituma siku mbili kabla kwa lori lililoleta ndizi soko la Mabibo, ambalo hurudi Kilimanjaro likiwa karibu tupu. Dereva alitoza kidogo sana. Nilimenyewa machungwa mawili, na kabla sijamaliza la pili likaja basi kutoka Tanga kwenda Arusha. Abiria wawili walikuwa wanashuka, nami nikapanda. Nauli zote mbili pamoja zilifika elfu arobaini na kitu, takriban sawa na basi la moja kwa moja.

Nilishuka Himo jua likiwa bado halijazama, nikapanda Noah ya Marangu Mtoni. Mama alikuwa anakata majani ya mbuzi kihambani, shamba letu la nyumbani. Aliliacha panga palepale, akanishika mikono yote miwili bila kusema neno, kisha akaniambia kwamba mchele umeshafika.

Tarehe 30 asubuhi nilikuwa ghalani. Karatasi za kijani zilikuwa mahali pake, na maboksi ya kuhesabu upya yalikuwa matatu tu.