Amande (faini) bila risiti

Mdogo wangu ametoka kasho, mahabusu ya polisi, jana jioni. Asanteni wote mliopiga simu.

Kosa lake? Alikuwa anatoka kazini, huku Katuba, Lubumbashi. Duka lilivunjwa usiku, polisi wakafanya rafle (msako), wakakusanya kila kijana aliyepita. Hakukutwa na kitu zaidi ya simu yake. Simu yenyewe hatujaiona mpaka leo, kila shefu ninayemuuliza ananionyesha mwenzake.

Katiba yetu ya Kongo ya 2006, kifungu cha 18, haina mafumbo: polisi wakishamshikilia mtu saa 48, wamwachilie au wampeleke mbele ya sheria. Tena aelezwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa. Nilimtajia OPJ, yaani ofisa wa polisi anayechunguza makosa, kifungu hicho. Akacheka: "Wewe ni avoka (wakili)?" Kisha akarudi kwenye hesabu yake ya amande, bila risiti, bila jina la kosa.

Mama alikuwa anapeleka bukari (ugali) kila mchana. Mlinzi anafunua sahani, anachomoa samaki, anapitisha iliyobaki. (Na kupitisha chakula kunalipiwa pia!)

Tumelipa, ndiyo. Mle ndani wanalala kwa zamu, na kijana alishaanza kukohoa.

Sasa napeleka malalamiko kwa oditora wa jeshi, yaani mwendesha mashtaka wa kijeshi, maana kwetu polisi akikosa anahukumiwa na mahakama ya kijeshi. Avoka ameniambia nilete mashahidi. Kama ndugu yako alikamatwa katika rafle ile ile, niandikie pembeni, hata kama mlilipa.