Sebule ni ya nani?

Jumamosi, usiku

Jioni nzima nimekaa na tepu ya kupimia, penseli na daftari la hesabu la mtoto wa kaka, nikichora nyumba yetu upya. Mama kapita mara kadhaa, kaguna, kaenda zake uani.

Nyumba zetu hizi za Ngamiani, hapa Tanga, hazina mafumbo. Baraza mbele, mlango mkubwa, korido inanyooka mpaka uani, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, kila kimoja kama futi 10 kwa 10. Jiko, bafu, choo na stoo viko nyuma. Waliozijenga hawakuhangaika na sebule: mgeni wa kiume aliishia barazani, wa kike alipitiliza uani kwa wenzake. Sebule imekuja baadaye, kila ukoo kwa namna yake. Kwetu, marehemu Baba alivunja ukuta kati ya vyumba viwili vya nyuma upande wa kushoto, tukapata chumba cha futi 10 kwa 20. Kikubwa kuliko vyote, madirisha mawili, upepo mzuri. Na ndicho kinachofungwa kwa ufunguo, ufunguo wenyewe umefungwa kwenye ncha ya kanga ya Mama.

Humo ndani makochi yamevaa vitambaa vya kufuma, kabati la vyombo limejaa vikombe ambavyo sijawahi kunywea, na meza ya kioo haina alama ya kidole. Wakati huohuo watoto wanasoma wamelala kifudifudi kwenye sakafu ya korido, chini ya taa moja, na kila anayekwenda kuoga anawaruka. Ndipo nilipoanza kujiuliza hiki chumba bora tumemwekea nani. Wageni wenyewe siku hizi wanapiga simu, wakija wanataka kukaa uani kwenye hewa.

Nilimweleza Mama mpango wangu: meza ndefu ya kusomea chini ya dirisha la mbele, mkeka na mito upande wa ndani, makochi yabaki mawili. Hakubisha rangi wala meza. Aliuliza jambo moja tu.

"Na ukitokea msiba, mwanangu, watu utawaweka wapi?"

Anayejua nyumba ya msiba pwani anajua swali hili si la kupuuza. Habari ikishafika, vijana wanatoa makochi yote nje, majamvi yanatandikwa ukuta hadi ukuta, wanawake wanakaa ndani, wanaume barazani na chini ya turubai barabarani. Harusi nayo ni hivyohivyo, ila kelele zake nyingine. Kwa hiyo sebule yetu sharti iweze kumwagwa nje kwa nusu saa. Nikafuta nusu ya mchoro. Hakuna kitakachopigiliwa ukutani isipokuwa rafu za juu. Meza ya kusomea itakuwa ya miguu ya kukunja, mbao ya mkongo, na mkeka wenyewe unajikunja bila kuambiwa.

Fundi hakupenda. Yeye alishaniwekea akilini ukuta wa jipsamu wa kubebea televisheni, taa zimejificha kwa nyuma, na dari la kushuka ngazi mbili. Dari letu liko futi 9. Ukilishusha futi moja na panga boi likaning'inia chini yake, kila anayevaa shati humo itabidi avae kwa tahadhari. Nilimwambia tunashukuru.

Kazi yenyewe imeanzia kwenye ukuta wa nyuma, unaopakana na uani. Chini, kufikia usawa wa goti, rangi ilikuwa imevimba malengelenge, ukibonyeza inapasuka na ndani yake kuna unga mweupe. Fundi anasema ukuta "unatoa chumvi", na kweli ndivyo: maji yanapanda kutoka ardhini, yakifika kwenye uso wa ukuta yanakauka, chumvi inabaki. Nilipokwangua kwa msasa nikaona nyumba ilivyobadilisha nguo. Juu krimu ya maji, chini yake kijani cha rangi ya mafuta, ile ya nusu ukuta iliyokuwa kila nyumba na kila zahanati, kisha chokaa iliyotiwa bluu ya kufulia. Chokaa ile imeshika mpaka leo. Kilichovimba ni kile kijani, kwa sababu rangi ya mafuta inaziba, maji yanatafuta pa kutokea yanaisukuma.

Dawa aliyopendekeza fundi ilikuwa kupaka rangi nyingine ya mafuta, nzito zaidi. Nikatoka naye uani nikamwaga ndoo ya maji. Yakatiririka taratibu yakaenda kutuama pale pale chini ya ukuta. Basi kwanza tutabomoa saruji ya uani upande ule na kuimwaga upya, ielekee kwenye mfereji. Lipu iliyooza itabanduliwa, ukuta uachwe wazi ukauke, na upande huo utapakwa chokaa tupu. Watoto wakiuchafua tutaupaka tena. Chokaa haina gharama.

Madirisha siyagusi. Kila jirani anayekarabati anatoa mbao na kuweka alminiamu ya kusukuma, na linapendeza, lakini dirisha la kusukuma hata ulifungue vipi nusu yake inabaki kioo. Mabawa yetu ya mbao yanafunguka yote. Kusi ikianza kuvuma, chumba hiki hakihitaji hata hilo panga boi. Nitayapiga msasa, nitayapaka mafuta, na kwa ndani niweke fremu ya wavu wa mbu inayotoka.

Rangi ndiyo iliyoleta maneno mengi, ingawa hesabu yake ni nyepesi. Kuta zote ni futi 60 kuzunguka, kimo futi 9, ukitoa milango na madirisha zinabaki kama mita 43 za mraba. Lita moja inakula kama mita 10 kwa mkono mmoja, mikono miwili ni lita 9 hivi, na ule ukuta wa chokaa ukiutoa zinapungua zaidi. Fundi alikuwa ameandika ndoo ya lita 20. Nilimuuliza zinazobaki zinakwenda wapi, akacheka, akasema "Dada, wewe ungekuwa fundi." Watoto wanataka bluu, Mama anataka krimu ileile ya zamani. Mimi nimeamua nyeupe iliyopoa kidogo, ya kufutika kwa kitambaa, kwa sababu vidole vya watoto havisomi vibao.

Limebaki kabati la vyombo. Ni la mninga, zito, na halipiti mlangoni mpaka livuliwe milango yake. Nataka liende chumbani kwa Mama. Yeye anataka libaki palepale lilipo, na vikombe vyake ndani. Nimependekeza vikombe vitoke vianze kunywewa chai. Sijajibiwa, na ufunguo bado uko kwenye kanga.